Deni la Mishahara: Vyama vya Wafanyakazi na Malipo ya Wanawake katika Halmashauri za Uingereza

Watu wengi wanapozungumzia unyonyaji wa wafanyakazi humfikiria mara moja bepari mwenye kiwanda, ambaye hulipa mshahara mdogo ili abaki na faida kubwa. Picha hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Zipo sehemu za kazi ambazo hazina bepari wala faida. Mwajiri ni halmashauri iliyochaguliwa na wananchi, mara nyingi inaongozwa na chama cha siasa kinachojiita cha wafanyakazi, na karibu kila mtumishi ana kadi ya uanachama wa chama cha wafanyakazi. Hata hivyo, katika sehemu hizo hizo, wanawake wamelipwa pungufu kwa miaka mingi kwa kazi ambayo mwajiri mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba ina thamani sawa na ile ya wanaume. Halmashauri za Uingereza ni mfano wa jambo hilo. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu ushahidi wake umeandikwa mahakamani, na kwa sababu unatulazimisha kuuliza swali ambalo makada wengi hulikwepa: chama cha wafanyakazi kinapoketi mezani na mwajiri, kinamwakilisha nani hasa?

Dai la malipo sawa si geni katika vyama vya Uingereza. Mwaka 1888, katika mkutano wa muungano wa vyama hivyo, TUC, uliofanyika Bradford, Clementina Black alitoa hoja kwamba mwanamke anayefanya kazi ile ile alipwe ujira ule ule, na hoja ikapita. Lakini lazima tuangalie sababu zilizowafanya wanaume wengi waiunge mkono. Baadhi yao waliona kwamba ikiwa mwanamke atalipwa sawa, mwajiri hatakuwa na sababu ya kumwajiri, na kwa hiyo kazi zitabaki kwa wanaume. Azimio lilikuwa la haki. Nia za waliolipigia kura zilikuwa mchanganyiko. Tena vyama vile vile viliendelea kudai kile kilichoitwa mshahara wa familia, yaani mshahara wa mwanamume unaotosha kulisha mke na watoto. Kutokana na fikra hiyo mshahara wa mwanamke ulionekana kuwa ni nyongeza tu, pesa ya kununulia vitu vidogo vidogo, hata pale ambapo yeye peke yake ndiye aliyekuwa akilisha nyumba.

Fikra hiyo ilikuta udongo wenye rutuba katika halmashauri. Kazi walizopewa wanawake huko ni kupika chakula cha watoto wa shule, kufagia na kupiga deki majengo, kuwaogesha na kuwavisha wazee majumbani mwao. Hizi ni kazi ambazo mwanamke huzifanya nyumbani bila malipo. Basi zilipohamia kwenye ajira zilifika na bei ya chini, kana kwamba ujuzi wake ni maumbile na si ujuzi. Wanaume walipewa kazi ya kuzoa taka, kufagia barabara, kutunza bustani na kuchimba makaburi. Kazi hizi nazo ni ngumu na zilidharauliwa na mabwanyenye. Hatusemi kwamba mzoa taka alikuwa tajiri. Tofauti ni kwamba taka zisipozolewa kwa wiki mbili mji mzima unajua. Mzee asipoogeshwa anajua yeye na binti yake.

Chanzo cha bonasi

Mwaka 1967 bodi ya serikali iliyosimamia bei na mapato ilichapisha taarifa kuhusu mishahara ya wafanyakazi wa kazi za mikono katika halmashauri na huduma nyingine za umma. Ilikuta kwamba mishahara ni midogo na kwamba kazi hazikupangwa vizuri. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa mipango ya bonasi: pima kazi kwa saa na kwa kiasi, kisha mlipe zaidi anayezidisha. Wakati huo serikali ilikuwa imeweka kikomo cha nyongeza za mishahara, na uzalishaji ulikuwa mlango mmoja ulioachwa wazi. Viongozi wa vyama waliingia kwa mlango huo, na hatuwezi kuwalaumu kwa hilo.

Lakini nani aliyepimwa? Ni rahisi kuhesabu mapipa ya taka au mita za barabara zilizofagiwa. Si rahisi kuhesabu uangalizi wa mtoto anayekula au subira ya kumlisha mgonjwa. Kwa hiyo bonasi zilienda kwenye kazi za wanaume, na kazi za wanawake zikabaki na mshahara wa msingi mtupu. Kadiri miaka ilivyopita upimaji wenyewe ulisahaulika. Bonasi ikawa inalipwa kila wiki hata kama hapana kilichozidishwa. Ikawa ni sehemu ya mshahara wa mwanamume iliyovalishwa jina jingine. Katika shauri la Birmingham lililoamuliwa mwaka 2010, ilielezwa kwamba baadhi ya wanaume waliweza kupata bonasi ya hadi asilimia 160 ya mshahara wa msingi, huku wanawake wa daraja lile lile hawapati kitu. Mikataba iliyoleta hali hiyo ilitiwa sahihi na pande mbili, mwajiri na vyama.

Wakati bonasi zinaenea, wanawake walikuwa wanapata ushindi mahali pengine. Mwezi Juni 1968 wanawake 187 waliokuwa wakishona viti vya magari katika kiwanda cha Ford huko Dagenham waligoma. Mgomo huo uliisukuma serikali, na Waziri Barbara Castle akapitisha Sheria ya Malipo Sawa ya mwaka 1970. Waajiri walipewa muda mrefu wa kujiandaa: sheria ilianza kutumika tarehe 29 Desemba 1975. Na ilikuwa na tundu. Ilimlinda mwanamke anayefanya kazi ya namna moja na mwanamume, au ambaye kazi yake imekwisha kutathminiwa na mwajiri kuwa sawa. Mpishi hakuweza kujilinganisha na mzoa taka ikiwa hakuna tathmini iliyofanywa, na mwajiri hakulazimika kuifanya. Mwaka 1982 Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya iliamua kwamba Uingereza imekiuka wajibu wake, na kuanzia Januari 1984 mwanamke aliweza kudai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa.

Halmashauri na vyama vilikubaliana kufanya tathmini, na mwaka 1987 kazi zote za mikono zikapangwa upya katika madaraja. Watunza wazee na wapishi walipanda. Kwa karatasi, mwanamke wa jikoni na mwanamume wa bustani wakawa daraja moja. Lakini tathmini iligusa mshahara wa msingi tu, bonasi haikuguswa. Hapo ndipo palipozaliwa deni tunalolizungumzia. Tangu siku ile kila halmashauri ilikuwa na karatasi yake yenyewe inayokiri kwamba kazi hizi ni sawa, na hati ya malipo inayoonyesha kwamba hazilipwi sawa.

Mwaka uliofuata, 1988, serikali ya Margaret Thatcher ilitunga sheria ya kuzilazimisha halmashauri kushindanisha huduma zao kwa zabuni na makampuni binafsi: usafi, taka, chakula cha shule. Huko North Yorkshire halmashauri iliona kwamba kampuni binafsi ingeweza kuwalipa wapishi mshahara wa chini zaidi, kwa kuwa wanawake wa vijijini hawakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia. Ili ishinde zabuni, iliwaachisha wapishi kazi na kuwaajiri upya kwa mshahara mdogo. Wanaume waliotathminiwa nao sawa hawakukatwa. Shauri lilifika Baraza la Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, na mwaka 1995 wanawake wakashinda. Tunaona hapa jinsi nguvu za soko zinavyofanya kazi hata ndani ya taasisi isiyotafuta faida: soko lilijua ni nani aliye dhaifu, na mwajiri wa umma akaiga soko.

Makubaliano ya 1997 na yaliyotokea Middlesbrough

Mwaka 1997 halmashauri na vyama vilifikia mapatano makubwa ya kitaifa. Wafanyakazi wa mikono na wa ofisini wangewekwa katika ngazi moja ya mishahara, baada ya tathmini mpya, na bonasi zingeangaliwa. Ulikuwa mkataba mzuri. Kasoro yake ni kwamba hapakutengwa fedha za kuutekeleza. Halmashauri nyingi zikakaa kimya, mwaka baada ya mwaka, mpaka tarehe ya mwisho ya 2007 ilipokaribia. Wakati huo huo sheria ilibadilika mwaka 2003, na mdai akaweza kudai malimbikizo ya miaka sita badala ya miwili. Deni liliongezeka mara tatu kwa mpigo.

Hapa tunafika kwenye jambo gumu. Viongozi wa vyama walikuwa na mfuko mmoja mbele yao na madai matatu: kupandisha mishahara ya wanawake kuanzia sasa, kuwalinda wanaume ambao bonasi zao zingeondolewa, na kuwalipa wanawake malimbikizo ya miaka iliyopita. Halmashauri iliwaambia kwamba fedha hazitoshi kwa yote. Katika Middlesbrough chama cha GMB kilichagua mawili ya kwanza na kuwashauri wanawake wakubali malimbikizo madogo. Baadhi ya wanawake wakakishtaki chama chao wenyewe. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana na uamuzi wa mahakama ya kazi: shabaha ya chama huenda ilikuwa halali, lakini njia haikuwa. Wanawake hawakuelezwa wazi wanachokiacha. Walisukumwa kukubali kwa kutiwa hofu na kwa kufichwa thamani ya haki yao.

Watu wengine husema kwamba wanawake wale walikosa umoja, kwamba walipelekwa mahakamani na mawakili wenye tamaa waliochukua sehemu ya fidia. Hoja hii ni potofu. Ni kweli kwamba mawakili wa aina ile, wanaofanya kazi bila malipo mpaka washinde, walinufaika. Na ni kweli kwamba wakili hana haja na kesho ya chama. Anahesabu shauri moja moja. Lakini wakili alipata nafasi kwa sababu mlango wa ofisi ya chama ulikuwa umefungwa. Mwanachama anayelipa ada kila mwezi kwa miaka ishirini, kisha akasikia habari ya haki yake kwa mara ya kwanza kutoka kwenye tangazo la wakili, hawezi kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyevunja umoja. Umoja ambao upande mmoja tu ndio unaotoa kafara una jina jingine.

Wanaume nao walionja. Halmashauri nyingi zilipotakiwa kusawazisha zilisawazisha kwa kushusha. Katika Leeds, mwaka 2009, wazoa taka walitakiwa kukubali makato makubwa ya mshahara kwa jina la malipo sawa, na waligoma kwa zaidi ya miezi miwili kuanzia Septemba. Mwajiri alimwambia mwanamume kwamba mwanamke ndiye anayemnyang'anya, na akamwambia mwanamke kwamba mwanamume ndiye anayemchelewesha. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Glasgow, 1915 na 2018

Glasgow ni mji wenye historia ya mapambano. Mwaka 1915, wanaume wengi wakiwa vitani, wenye nyumba walipandisha kodi za pango. Wanawake wa mtaa wa Govan na mitaa ya jirani, wakiongozwa na Mary Barbour, walikataa kulipa, na serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi zisipande. Kizazi cha wajukuu na vitukuu wa wanawake hao ndicho kilichokuja kudai malipo sawa.

Halmashauri ya Glasgow iliongozwa na chama cha Labour kwa karibu miaka 40 hadi 2017. Ilipofanya tathmini yake katikati ya miaka ya 2000 iliweka malipo ya ziada kwa anayefanya kazi saa 37 kwa wiki. Sharti hilo lilionekana halina ubaguzi wowote. Lakini nani anafanya saa 37? Wanawake wengi waliajiriwa kwa saa chache, tena zilizokatwa vipande viwili, asubuhi na jioni. Vilevile wanaume waliopoteza bonasi walilindwa mishahara yao ya zamani kwa miaka kadhaa, na wanawake wakaachwa nje ya kinga hiyo. Watunza wazee wakahamishiwa kwenye kampuni iliyoitwa Cordia, ambayo ilikuwa mali ya halmashauri yenyewe, na wadai wa makampuni ya namna hiyo wakajibiwa kwamba mwajiri wao sasa ni mwingine na hawawezi kujilinganisha na wanaume wa halmashauri. Mahakama iliikataa hoja hiyo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Uskoti ikaamua kwamba kinga ile ya mishahara ilikuwa ya kibaguzi, na kwamba utaratibu wenyewe wa tathmini haukuthibitishwa kuwa wa kuaminika.

Zaidi ya miaka kumi halmashauri ya chama cha wafanyakazi ilitumia fedha za umma kupigana mahakamani na wapishi na wafagiaji. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu wasomaji wa jarida hili wengi ni wanachama wa chama kinachotawala. Waliokuwa madarakani Glasgow hawakuwa makabaila. Wengi wao walitoka kwenye vyama vya wafanyakazi, waliimba nyimbo za wafanyakazi, na waliamini kwamba wanatunza mali ya umma. Walipofika kwenye kiti cha mwajiri walifikiri kama mwajiri.

Baada ya chama cha SNP kushika halmashauri mwaka 2017 yalianza mazungumzo, nayo yakazorota. Ndipo tarehe 23 na 24 Oktoba 2018 zaidi ya wanawake 8,000, wanachama wa GMB na Unison, walipogoma kwa siku mbili. Shule zilifungwa na wazee maelfu walikosa huduma ya kawaida isipokuwa ya dharura, ambayo wagomaji wenyewe waliiachia nafasi. Safari hii vyama na mawakili wa wanawake walikuwa upande mmoja. Na asubuhi ya siku ya kwanza lilitokea jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko hukumu zote: wanawake walisimama kwenye milango ya bohari za taka, na wazoa taka, mamia ya wanaume, wakakataa kuvuka mstari wao. Hawakuwa wamepiga kura ya mgomo, kwa hiyo sheria ya nchi hiyo haikuwalinda. Walikuwa ni wale wale ambao mishahara yao ilitumika kama kipimo katika mashauri, wale ambao kwa miaka yote waliambiwa kwamba malipo ya mwanamke yatatoka mfukoni mwao.

Mwezi Januari 2019 halmashauri ilikubali kulipa zaidi ya pauni milioni 500. Ili ipate fedha hizo iliyauza majengo ya umma ya jiji kwa kampuni yake na kuyakodi tena. Wanawake wengine hawakuiona siku hiyo. Walikuwa wamekwisha kufa wakiwa bado wadai.

Birmingham

Birmingham haikupata asubuhi kama ile. Halmashauri hii, ambayo ni mojawapo ya halmashauri kubwa kabisa katika Ulaya, ilishindwa mbele ya mahakama ya kazi mwaka 2010. Mwaka 2012 ilishindwa tena katika Mahakama ya Juu, ilipoamuliwa kwamba waliokwisha kuacha kazi wanaweza kudai katika mahakama ya kawaida ndani ya miaka sita, hata kama miezi sita ya mahakama ya kazi imekwisha kupita. Mwaka 2015 iliuza kumbi zake kubwa za maonyesho kwa pauni milioni 307. Jumla ililipa zaidi ya pauni bilioni 1 kwa madai hayo.

Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo ingejihadhari. Mwaka 2017 ilitaka kuondoa cheo kimoja katika magari ya taka. Wanachama wa Unite wakagoma majira yote ya kiangazi, kiongozi wa halmashauri akajiuzulu, na suluhu ikapatikana kwa kuwapa wazoa taka cheo kipya chenye daraja lile lile. Isitoshe, wanaume wa taka waliendelea na desturi ya kwenda nyumbani wakimaliza njia yao na kulipwa zamu nzima. Mpishi akimaliza kupika mapema anapewa sufuria za kuosha. Kwa Unite ulikuwa ushindi halali wa wanachama wake. Kwa wanawake wa GMB na Unison ulikuwa ushahidi mpya. Madai yakafunguliwa upya.

Mwezi Juni 2023 halmashauri ilitangaza kwamba deni linaweza kufika kati ya pauni milioni 650 na 760, na tarehe 5 Septemba ikatoa hati ya kisheria inayomaanisha kwamba haiwezi kukidhi matumizi yake. Magazeti ya mabwanyenye yakaandika kwamba malipo ya wanawake yameufilisi mji. Hili nalo lazima likataliwe. Miaka mingi serikali kuu ilikuwa imepunguza ruzuku kwa halmashauri, na mfumo mpya wa kompyuta wa hesabu uliharibika na kugharimu mara kadhaa ya bei iliyopangwa. Na deni lenyewe ni nini? Ni mishahara ambayo halmashauri ilikwisha kuitumia kwa mambo mengine. Wafagiaji na watunza wazee waliukopesha mji kwa miongo bila kuulizwa na bila riba, kisha walipodai wakaitwa chanzo cha kufilisika. Wasimamizi wakaletwa kutoka London, kodi ya wakazi ikapandishwa kwa karibu asilimia 10 mwaka 2024 na karibu asilimia 7.5 mwaka 2025, na huduma zikakatwa. Waliolipa ni wakazi wa mitaa ile ile wanamoishi wadai.

Mwishoni mwa 2024 halmashauri, GMB na Unison walifikia makubaliano kuhusu wadai wapatao 6,000. Katika kutekeleza usawa halmashauri iliamua kukifuta kile cheo cha 2017. Haikutafuta namna ya kumpandisha mpishi afike pale alipo mzoa taka. Tarehe 11 Machi 2025 wazoa taka wa Unite waliacha kazi moja kwa moja, na kabla mwezi haujaisha halmashauri ilitangaza hali ya dharura, mifuko ya taka ikiwa imerundikana barabarani na panya wakiongezeka. Wapishi na wafagiaji waliendelea kwenda kazini kila asubuhi, wakipita kando ya malundo hayo. Vyama vyao vilikuwa vimekwisha kutia sahihi.